Masika Tuliyofundisha Watu Kusikilizana

Changamwe, Jumamosi, 20 Machi 1948

Wamekuja. Tangu asubuhi nilikuwa nikijiambia hawatakuja, na nusu ya moyo wangu ilikuwa ikiomba wasije, maana wakija itanibidi nifundishe, na mimi ni nani wa kuwafundisha watu wazima namna ya kuishi na wenzao?

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita tulimzika Kafedha, jirani yetu, aliyepigwa na mumewe kwa ajili ya sufuria ya wali ulioungua. Niliyemwosha ni mimi, pamoja na Bi. Mwanatatu, mkunga wa Changamwe ya kale, ambaye ua wake umepakana na kanisa letu. Mume wa Kafedha yuko jela, Ngomeni, na wanasema analia kutwa. Sote tulikuwa tukiusikia ugomvi wao, na sote tulikuwa tukifunga madirisha. Tulipotoka makaburini nilimwambia mume wangu, Ruwa, kwamba mwingine sitamwosha. Ruwa ndiye mwalimu wa kanisa hapa. Padre huja kutoka Rabai mara moja kwa mwezi, siku nyingine kazi yote ni yake. Jioni Ruwa akasema, "Basi tuwafundishe kabla hawajafika huko. Mimi na wewe, Mama Kaviha."

Basi ndilo darasa. Jumamosi alasiri, waume wakishatoka kazini, mke na mume pamoja.

Walikuwa wachache. Kalama, kuli wa bandarini Kilindini, na mkewe Nyamvula auzaye mahamri. Kelele za hawa wawili hufika mpaka stesheni. Masha, karani wa tikiti hapo hapo stesheni, na mkewe Sidi, msichana mdogo wa kutoka bara ya Rabai. Hawa sijapata kusikia neno baya nyumbani kwao. Masha alisema amekuja ili awatie wenzake moyo. Wengine walikaa nyuma, karibu na mlango, kama watu wanaotaka kukimbia.

Tuliwafundisha jambo moja tu: mtu asijibu mpaka kwanza arudie alichoambiwa, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Nyamvula akamwambia mumewe, "Nachoka kukungoja na chakula kinapoa."

Kalama akatugeukia. "Amesema mimi ni mlevi."

"Sikusema hivyo!"

"Hukusema, lakini ndivyo ulivyokusudia!"

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiitazama mikono ya Kalama. Ni mikono ya kubeba magunia, na akikasirika hufunga ngumi bila kujua.

Jumatatu, 22 Machi

Joto. Mawingu yamesimama upande wa Mtongwe, hayashuki.

Jumamosi, 27 Machi

Kesho ni Pasaka. Darasa la pili. Masha amewashangaza wote. Sidi alisema kwa sauti ndogo, "Ningependa kwenda kumwona mama yangu." Masha akamgeukia, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Nimesikia ukisema, mke wangu, kwamba umemkumbuka mama yako, na ungependa nikupe nafasi uende ukamwone. Ndivyo?"

"Ndivyo," Sidi akasema.

Watu wakapiga makofi. Ruwa alifurahi kama mtu aliyeona mbegu yake imeota. Njiani akaniambia, "Wangekuwa wote kama Masha, tungefunga darasa kesho."

Kalama alijaribu tena akashindwa tena. Alipaza sauti, akagonga benchi. Mtoto wa mtu akaanza kulia. Nimeogopa. Nikimtazama Nyamvula namwona Kafedha, na hilo silipendi, maana Nyamvula yu hai na ana mdomo kama wa kasuku.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua imeshuka, kwa kishindo. Makuti ya kanisa yanavuja mahali pengi. Mwanetu Kaviha ametega masufuria, sasa hatuna la kupikia.

Jumamosi, 3 Aprili

Leo Nyamvula alimtajia Kalama mama yake mbele za watu, jambo ambalo tulikuwa tumetoka kulikataza. Kalama akasimama. Uso umemvimba. Kisha akatoka mlangoni bila kofia, akaenda zake.

Mpaka magharibi hakuwa amerudi. Nyamvula alikuja kwangu, amelowa, ule mdomo wote umemwishia. "Bibi Mwalimu, mmemfundisha nini mume wangu? Akirudi ataniua." Nikamlaza kwetu pamoja na Kaviha. Sikupata usingizi.

Jumapili, 4 Aprili

Kalama alikuja kanisani alfajiri, matope mpaka magotini, macho mekundu. Ruwa akamwahi mlangoni, kwa hofu nadhani.

"Umekuwa wapi?"

"Si mlisema mtu akisikia mikono yake imepata moto atoke atembee?" Kalama akasema. "Mikono yangu haikupoa upesi. Nimetembea mpaka Miritini. Nikafikiri, nikarudi." Akatazama huku na huku. "Yuko wapi mwanamke wangu? Nataka kumwambia yale aliyosema jana, nimeshayashika yote. Nimekuwa nikiyarudia njiani."

Akayarudia, neno kwa neno, hata matusi. Nyamvula alilia, kisha akamfuta matope kwa leso yake huku akimgombeza.

Namwomba Mungu nisimhukumu mtu yule tena, wala nisimwogope bure.

Jumamosi, 10 Aprili

Darasa lilikwenda vizuri kwa sababu watu walikuwa wachache. Njia imejaa maji.

Lakini kuna jambo. Wengine walipotoka, Sidi alibaki kunisaidia kukunja mikeka. Alikunja mmoja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Bibi Mwalimu, niulize?"

"Uliza, mdogo wangu."

"Na ikiwa mtu hapigi kelele? Ikiwa anasema polepole, tena maneno mazuri, na bado wewe unaogopa?"

"Unaogopa nini?"

Hapo Masha akaita kutoka nje, "Sidi." Mara moja tu, kwa upole. Sidi akaacha mkeka ulivyo.

Nikamwambia harakaharaka, "Mwambie mwenyewe. Mwambie kama tulivyofundishana: mimi huogopa ukifanya hivi. Masha ni msikivu, atakusikia."

Akaitikia kwa kichwa akatoka. Masha alikuwa amemfunulia mwavuli.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Unga umeingia ukungu.

Jumamosi, 17 Aprili

Sidi amekuja na mkono umefungwa kwa leso na kutundikwa shingoni. Kabla sijauliza, Masha akanieleza: aliteleza kisimani, matope, ndoo ikamwangukia, naye Masha akamkanda kwa maji ya chumvi usiku kucha. Alieleza vizuri sana. Alieleza kila kitu, mpaka ndoo ilikuwa ya nani.

Nikamtazama Sidi. Akasema, "Niliteleza kisimani. Matope. Ndoo ikaniangukia."

Maneno yale yale, na kwa mpango ule ule.

Nimemwambia Ruwa. Akasema, "Kisima kile kila mtu anateleza." Ni kweli. Mimi mwenyewe niliteleza juzi.

Jumamosi, 24 Aprili

Hawakuja. Masha ametuma salamu kwamba Sidi ana homa.

Jumanne, 27 Aprili

Nimekwenda kumtazama mgonjwa. Nilibeba uji wa mtama. Masha alikuwa zamu ya asubuhi, lakini nilipofika alikuwa ndio anaingia kula. Akanikaribisha vizuri, akanivutia kiti, akanimiminia chai yeye mwenyewe. Nyumba safi. Sidi alikaa mkekani, ameegemea ukuta, hana homa. Nilimgusa paji la uso, ni la baridi.

Masha alitoka kidogo kumsemesha mtu wa stesheni aliyemwita barabarani. Nikamsogelea Sidi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Akaniambia bila kunitazama, akitazama mlango. Akasema kwamba Masha alifurahi. Alimwambia ni vyema, sasa tutafanya kama darasani. Akamketisha, naye akakaa mbele yake. Akawa anasema makosa yake Sidi, moja moja, na Sidi arudie kila neno. Akikosea neno, anaanza tena tangu mwanzo. Akikosea tena, kuna adhabu. Na adhabu haipigwi mahali pa kuonekana. Mkono ule ulikuwa bahati mbaya, aliukinga yeye mwenyewe.

"Kila siku?"

"Siku akiwa na nafasi. Hapazi sauti hata kidogo, Bibi Mwalimu. Akimaliza ananiuliza, ndivyo? Nami nasema, ndivyo."

Masha akarudi. "Mnazungumza nini, dada zangu?"

"Uji," nikasema. Nikamaliza chai, nikaaga.

Chombo kile, huko kurudia maneno, ni mimi niliyempa.

Jumatano, 28 Aprili

Nimegombana na Ruwa. Niandike ilivyokuwa.

Nilimwambia yote. Alinisikiliza, hakunikatiza. Kisha akasema, "Nimesikia ukisema kwamba Sidi amekuambia Masha humtesa kwa mafundisho yetu, na kwamba huna shaka kwamba ni kweli. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mimi nakusikia, Mama Kaviha. Lakini Masha ni mzee wa kanisa. Namjua tangu Rabai. Sidi ni mtoto, hajazoea kukaa mbali na kwao. Tusimharibie mtu jina kwa neno la upande mmoja. Tuwaite wote wawili, kila mtu aseme zamu yake."

"Ukimweka mbele yake atasema aliteleza kisimani!"

"Usipaze sauti."

Nikanyamaza kwa sababu ilikuwa kanuni yetu, mimi mwenyewe niliyeitunga. Nimekaa jikoni nikifikiri: mtu ameyapokea maneno yangu yote, hakuna hata moja lililoanguka chini, na hakuniamini hata kidogo. Ikiwa ndivyo, tumekuwa tukifundisha nini?

Jumamosi, 1 Mei

Hawakuja. Mvua usiku na mchana. Kalama amepanda juu ya kanisa kutengeneza makuti bila kuombwa, Nyamvula akiwa chini akimwonyesha anavyokosea. Alimjibu, "Nimesikia ukisema mimi mjinga," na wote wawili wakacheka.

Jumatatu, 3 Mei

Nimekwenda kwa Bi. Mwanatatu. Sikuwa na mwingine. Kila msichana wa hapa anayeolewa hupitia mikononi mwake, hufundwa, na kila anayezaa hukandwa naye. Nilidhani atanielewa kabla sijamaliza.

"Yule kijana wa stesheni?" akasema. "Aniamkiaye kila asubuhi, shikamoo Bi. Mwanatatu, umeamkaje Bi. Mwanatatu? La, mwanangu. Wangapi hapa wanipita kama jiwe. Kijana mwenye adabu kama ile hapigi mtu. Na huyo mkewe, mfunde astahimili. Ndoa changa ni ngumu."

Nimerudi nyumbani kwa matope. Sikujua mtu anaweza kuwa peke yake hivi katikati ya watu.

Alhamisi, 6 Mei

Nilipita mbele ya nyumba yao. Dirisha limefungwa. Nikaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ili ajue nimepita.

Jumatatu, 10 Mei

Bi. Mwanatatu amekuja kwangu. Hajapata kuja kwangu tangu siku ya maziko. Alikaa jikoni kwenye mbuzi ya kukunia nazi akaomba maji. Mikono yake ilikuwa bado ina mafuta ya nazi.

Akasema Masha alimwita jana aende akamkande Sidi tumbo. Kumbe Sidi ana mimba, na imeanza kuonekana. Akaenda leo asubuhi. Sidi alikataa kuvua nguo. Bi. Mwanatatu akamwambia, "Nimemzalisha mama yako na mama wa mama yako," uongo mtupu, ndivyo huwaambia wote, na akamvua.

"Mgongo, mwanangu," akasema. "Na mapaja. Nimeona kwa mato yangu. Yametiwa kwa mpango, kama mtu atiaye chale. Na mbele hapana kitu, mikono mitupu, uso mtupu. Wallahi, aliniita kwa sababu alijua mimi simwamini mtu ila yeye."

Akanywa maji. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa umri wake: "Yeo nimeona haya. Ulinambia, nami nikakufukuza kwa maneno matamu."

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema nyumba yake ni ya wanawake watupu, na mwanamume hapiti ukumbini mwake bila ruhusa, hata awe na kofia ya stesheni.

Hatukumwambia Ruwa. Ni mara ya kwanza katika ndoa yangu.

Ijumaa, 14 Mei

Sidi amekwenda. Niandike kwa ufupi.

Masha alikuwa zamu. Bi. Mwanatatu alikwenda na chupa yake ya mafuta kama kawaida, wakatoka wanawake wawili wamejifunika buibui badala ya mmoja. Kulthum, bintiye, alikuwa ametangulia kumpelekea Sidi buibui, akatokea mlango wa nyuma. Mimi nilisimama kwenye njia panda na ndoo, nikijifanya nangoja zamu ya kisima. Walinipita bila kunitazama. Nilimjua Sidi kwa miguu tu. Anakanyaga kama mtu anayeogopa kuiamsha ardhi.

Yuko nyuma ya ukuta wa kanisa, kwa Bi. Mwanatatu. Tumempelekea habari kaka yake, Ngowa, huko bara, lakini mito imejaa na sijui lini habari itafika.

Jumamosi, 15 Mei

Masha alikuja darasani peke yake. Amenyoa vizuri. Akaomba nafasi, akasimama, akasema mke wake ametoweka jana, kwamba tangu apate mimba hayuko sawa akilini, anazungumza peke yake, anajidhuru mwenyewe. Sauti ikamkatika mahali panapofaa. Akaomba tumwombee.

Ruwa akatuombesha. Watu wote wakainama, Nyamvula akalia. Mimi niliomba macho yangu yakiwa wazi, na Masha naye macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa akinitazama mimi.

Nyuma ya ule ukuta Sidi alikuwa akitusikia sote tukimwombea akili zake zirudi.

Jumatatu, 17 Mei

Mvua. Ruwa ameniuliza kama najua alipo Sidi. Nikasema sijui. Akasema, "Nimesikia ukisema hujui," na akaniangalia kwa muda mrefu.

Alhamisi, 20 Mei

Ruwa alikuwa amekwenda Miritini kwa mgonjwa. Kaviha shuleni. Nilikuwa nikichambua mchele mlangoni nikaona viatu vyeusi vya stesheni mbele yangu, visafi, sijui alipitaje matopeni.

"Shikamoo, Bibi Mwalimu."

"Marahaba, Masha. Mwalimu hayuko."

"Najua." Akachutama, tukawa uso kwa uso. Akaushika mkono wangu hapa, kifundoni, kama mtu anayetaka kunipa pole. "Nimekuja kuuliza jambo dogo. Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui."

Akaukaza. Sauti yake haikubadilika. "Sikusikia vizuri. Sema tena, Bibi Mwalimu, taratibu."

"Sijui alipo."

"Tena."

Sikujua kuwa mtu anaweza kuumizwa hivi bila kupiga kelele. Watu walikuwa wakipita barabarani. Mmoja alitusalimu, Masha akamwitikia kwa furaha, mkono wangu ukiwa mle mle. Nilitaka kupiga ukelele na haukutoka. Mtu akinong'ona nawe, kupiga kelele kunakuwa kama ni wewe unayeleta ugomvi. Sasa namwelewa Sidi. Namwelewa kwa mwili, si kwa maneno.

Aliyeniokoa ni Nyamvula, aliyekuja na kapu la mahamri akipiga kelele kuanzia kwenye kona kuhusu bei ya ngano. Masha akaniachia, akasimama, akajikung'uta suruali. "Tutaonana Jumamosi, inshallah, kama wasemavyo majirani zetu," akasema akitabasamu.

Ruwa aliporudi nilimwonyesha kifundo. Kilikuwa kimeshakuwa cheusi, alama za vidole zote zinasomeka. Hakurudia maneno yangu. Alikaa chini mlangoni, katikati ya mchele, akafunika uso.

Nilimhurumia. Lakini na hili niliandike, maana nikiliacha litanioza ndani: mgongo mzima wa Sidi haukutosha. Ilibidi mkono uwe wangu.

Nikamwambia Sidi alipo.

Jumamosi, 22 Mei

Kanisa lilijaa. Habari zilikuwa zimeenea, sijui kwa mdomo wa nani, ingawa namjua mwuza mahamri mmoja.

Masha aliingia, akavua kofia, akakaa mbele. Ruwa hakufungua kwa sala. Masha akasimama. "Mwalimu, naomba zamu yangu ya kusema."

"Leo huna zamu," Ruwa akasema.

"Mwalimu." Masha akageuka polepole atuone sote. "Hapa tumefundishwa kwamba kila mtu asikilizwe. Mimi nimeyashika mafundisho haya kuliko mtu yeyote. Sijapaza sauti. Sijamtukana mtu. Ni kosa gani nimefanya, nisisikilizwe?"

Nikaona watu wanayumba. Nikaona mzee mmoja anaitikia kwa kichwa. Ni kweli, alikuwa ameyashika kuliko yeyote. Nikasimama, nikakunja mkono wa gauni mpaka kiwikoni, nikauinua ule mkono. Nilikuwa sina neno lolote la kusema ambalo yeye hangeweza kulirudia vizuri kuliko mimi.

Hapo mlango wa uani ukafunguliwa. Bi. Mwanatatu aliingia kanisani, naye hajapata kukanyaga ndani, na nyuma yake Sidi, hakujifunika. Nilikuwa nimemwomba asitoke. Alisimama karibu na ukuta, ameushika kwa mkono mmoja.

"Mimi ni mzima wa akili," akasema. "Sikujidhuru. Nilikuwa nikipigwa. Sirudi."

Masha akainamisha kichwa kidogo. "Nimesikia ukisema, mke wangu, kwamba..."

"Usirudie!" Ilikuwa sauti ya Kalama, na makuti yalitikisika. Alikuwa amesimama, ngumi zote mbili zimefungwa, na safari hii sikuziogopa. "Amesema, na sote tumesikia. Hakukwambia wewe umrudishie. Toka!"

Kalama hakumgusa. Aliteremka katikati ya benchi, akasimama baina yake na Sidi, na Nyamvula akaja akasimama kando yake. Kisha Ruwa. Kisha yule mzee aliyekuwa akiitikia. Masha akatutazama mmoja mmoja. Nilitaka nione hasira usoni mwake, ili watu waione. Sikuona kitu. Akavaa kofia, akasema, "Nawatakia jioni njema," akatoka mvuani.

Sidi akakaa chini pale pale ukutani. Bi. Mwanatatu akavua leso yake mwenyewe akamfunika.

Jumanne, 25 Mei

Nafunga mlango mchana. Kaviha anauliza kwa nini.

Jumapili, 30 Mei

Ngowa, kaka yake Sidi, amefika, amevuka mito kwa miguu. Mwanzo alisema wazee wamemtuma amrudishe dada yake kwa mumewe, wakae waongee, maana kila nyumba ina mambo. Niliona Sidi anaanza kunywea. Ruwa akamwambia, "Ngowa, kabla ya wazee, mwulize yeye anataka nini. Mimi nilichelewa kumwuliza."

Ngowa akauliza, kwa shida, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Sidi akasema, "Nataka kuzalia kwa mama."

Wakaondoka leo hii hii baada ya ibada. Bi. Mwanatatu amempa chupa ya mafuta na maagizo mengi kuliko mtu anavyoweza kuyakumbuka.

Jumatano, 9 Juni

Mvua inapungua. Wanasema Masha ameomba uhamisho.

Jumapili, 20 Juni

Masha amehamishwa bara, stesheni ya mbali ambayo sijawahi kulisikia jina lake. Ameondoka kwa treni ya jana, waliomwona wanasema aliwaaga wote, na wawili watatu wamesikitika. "Kijana mpole," mama mmoja ameniambia kisimani.

Nilidhani nitapata usingizi. Huko aendako hakuna anayemjua. Atapata kanisa, atapata mke. Padre ameahidi kupeleka neno kwa wenzake wa huko. Nimemwambia apeleke kabla hajasahau, na sikumwambia kwa upole.

Jumamosi, 26 Juni

Tumefungua darasa tena. Ruwa alitaka tuliache, akasema limetumika vibaya. Mimi nikasema Kalama je? Tangu ile safari yake ya matopeni hakuna aliyesikia sufuria ikirushwa nyumba ile. Kelele ziko, tena nyingi. Lakini Nyamvula anapomjibu, anamjibu akimtazama usoni. Sikujua mwezi wa Machi kwamba hilo ndilo la kutazama.

Kwa hiyo tumekubaliana, baada ya kugombana juma zima, kwa sauti. Masomo yatakuwa yale yale. Ila kabla ya somo lolote, kabla ya kumfundisha mtu kusema wala kurudia, mimi nitatoka na mke peke yake mpaka ua wa Bi. Mwanatatu, nitamwuliza swali moja, na mumewe hatajua limejibiwaje.

Jumamosi, 3 Julai

Jua. Leso zimeanikwa kila ua.

Wamekuja wapya: Rehema na mchumba wake, kijana wa karakana, watatangazwa mwezi ujao. Kijana mtaratibu, anasema polepole, alinivutia kiti. Mwili ukanisisimka.

Nikamchukua Rehema nje. Bi. Mwanatatu alikuwa akitwanga, akaacha mchi. Nikamwuliza, "Unamwogopa?"

"Kumwogopa nani, yule?" Akaangua kicheko, akajishika mbavu, mpaka kijana akaita kutoka ndani akitaka kujua kimechekesha nini, naye akamjibu kwa sauti, "Wewe!" akazidi kucheka.

Bi. Mwanatatu akaanza kutwanga tena. Mimi nilibaki nimesimama pale juani, nikikisikiliza kile kicheko mpaka mwisho wake, nisikie kama kuna mahali kinakatika.